Wanasesere ambao viwanda havikuwahi kuwatoa

Mwaka 1979 kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, iliwaahidi watoto zawadi. Tuma vithibitisho vinne vya ununuzi wa wanasesere wa filamu ya Star Wars, nasi tutakutumia bure Boba Fett, mwindaji wa kukodiwa wa hadithi hiyo, tena mwenye roketi mgongoni inayofyatuka kweli. Boba Fett akafika kwa posta kama ilivyoahidiwa, ila roketi yake ilikuwa imegandishwa palepale mgongoni. Pamoja naye ilikuja barua ya kueleza kwamba kifyatuzi kimeondolewa kwa sababu za usalama, na kwamba asiyeridhika anaweza kumrudisha akabadilishiwa mwingine. Muda mfupi kabla ya hapo mtoto mdogo wa Marekani alikuwa amefariki baada ya kukabwa koo na kombora la plastiki la chombo cha anga cha mfululizo wa televisheni wa Battlestar Galactica, kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel. Kenner walikuwa wameshachapa kadi za pakiti zinazoitangaza roketi yao, kwa hiyo wakabandika stika juu ya tangazo.

Sampuli za majaribio zilizosalia, zile zenye kifyatuzi kinachofanya kazi, leo ni miongoni mwa vichezeo vinavyotafutwa zaidi na wakusanyaji. Moja iliyopakwa rangi kwa mkono iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 525,000 za Marekani.

Mimi huchonga na kumimina wanasesere wa kundi hilo: waliofika hatua ya sampuli wakaishia hapo. Nimeulizwa mara nyingi kazi hii inakwendaje, na wengi wanaouliza wanadhani inahitaji zaidi mawazo mengi na mkono mwepesi. Mawazo mengi ndiyo yanayoiharibu. Kazi yenyewe ni kujiuliza kiwanda fulani, kwa mashine zake, bajeti yake na haraka yake ya mwaka ule, kingetoa kitu gani, kisha kukitengeneza hicho hicho bila kukiboresha.

Ili ujue unachokitengeneza, lazima ujue sampuli husika ilikufa katika hatua ipi. Pale Kenner mchongaji alianza na nta. Kutokana na umbo la nta wakatengeneza kalibu za silikoni, yaani vyombo vyenye uwazi wa umbo hilo, na ndani yake wakamimina nakala chache ngumu za plastiki ya urethani. Nakala hizo ndizo zilizopakwa rangi, zikapigwa picha za katalogi na kuonyeshwa wanunuzi wa maduka. Baada ya hapo ndipo zilipochongwa kalibu za chuma, na mimino ya kwanza ikatoka kwa plastiki ya rangi yoyote iliyokuwa mashineni, kwa sababu wahandisi walikuwa wanakagua umbo na viungo tu. Kalibu ya chuma ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Ndiyo maana wanasesere wengi waliofutwa waliishia kwenye nakala ngumu: picha yao ipo kwenye katalogi, lakini chuma hakikuwahi kukatwa.

Roketi ya Boba Fett ilivuka mstari huo, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni neema kubwa. Ukiangalia mgongo wa sampuli zake unakuta mfereji ambamo kitufe cha kufyatulia huteleza. Katika sampuli za mapema mfereji una umbo la herufi L. Katika zilizofuata umeongezwa mkunjo ukawa J, ili kitufe kijifunge vizuri zaidi na roketi isichomoke ovyo. Mkunjo ule, mfupi kuliko kucha ya kidole kidogo, unakuonyesha wahandisi walivyohangaika kuokoa wazo lao kabla halijafutwa. Kwa hiyo anayetengeneza nakala achague anatengeneza ya wiki ipi ya historia ile. Anayechonga J halafu akaacha kitufe kiteleze kwa ulegevu wa L ametengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Wengine walikufa kwa sababu za soko. Mwaka huohuo wa 1979 Kenner walitoa kiumbe mkubwa wa filamu ya Alien, mwenye urefu wa inchi 18, na walikuwa wameandaa pia wanasesere wadogo wa inchi 3¾ wa filamu hiyo. Filamu ilikuwa ya watu wazima, mwenzao mkubwa hakupokelewa vizuri, na wadogo wakabaki sampuli hadi mwaka 2013, kampuni ya Super7 ilipowatoa kwa kufuata sampuli hizo za Kenner. Kwa Mattel, mwaka 1987, kulikuwa na mpango ulioitwa The Powers of Grayskull, wa kurudi zama za kale za ulimwengu wa He-Man, shujaa mwenye upanga wa mfululizo wao wa vichezeo. Shujaa wake, He-Ro, aliingia kwenye katalogi. Lakini mauzo ya He-Man yalikuwa yameporomoka, na katika mpango wote yakatoka majitu mawili, Tytus na Megator, yaliyouzwa Ulaya, pamoja na madinosari. He-Ro akabaki picha.

Na hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu kwelikweli, kwa sababu picha ya katalogi inaonyesha mbele tu. Mgongo ukoje? Nyayo zikoje? Mbavuni chini ya kwapa kuna nini?

Ninachofanya kwanza ni kupima. Natafuta ndani ya picha kitu ambacho kiliuzwa kweli na ninacho mkononi: upanga, buti, mwanasesere mwingine aliyesimama pembeni. Nakipima kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia vipande vidogo, natafuta uwiano wake kwenye picha, na kutoka hapo napata urefu wa mkono au upana wa kifua. Kitu hicho lazima kiwe kimesimama umbali uleule kutoka kwenye lenzi; kilichosogea mbele kidogo huonekana kikubwa na kukupotosha. Nikipata picha mbili za pembe tofauti, nashukuru Mungu.

Kinachosaidia kuliko vipimo ni kujua ubahili wa kiwanda. Mattel walitumia kalibu zao tena na tena. Chukua wahusika wa He-Man: mwili wa manyoya wa Beast Man ndio huohuo wa Stratos. Miguu ya Skeletor utaikuta kwa Mer-Man. Battle Cat mwenyewe, simbamarara anayepandwa na He-Man, alitokana na simbamarara wa mfululizo wa zamani wa Big Jim, na ndiyo sababu ni mkubwa kiasi kile. Kwa hiyo ninapokutana na mgongo nisiouona, sianzi kubuni. Najiuliza: wakati huo walikuwa na kalibu gani ya chuma ambayo kifua chake kinafanana na hiki cha pichani? Mara nyingi jibu lipo rafuni kwangu, na mgongo unapatikana kwa ukweli usiopungua sana ule wa mbele. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa maana unaanza kufikiri kama mhasibu na mchongaji wa miaka ile kwa pamoja.

Baada ya ushahidi ndiyo kuchonga. Siku hizi wengi huchonga kwa kompyuta na kuchapa kwa printa ya 3D, nami hutumia printa bila kusita. Hatari yake ni kwamba printa haina mipaka ya chuma. Kalibu ya chuma hufunguka nusu mbili, na plastiki ngumu lazima itoke bila kunaswa. Ukichonga kunjo la nguo linaloingia ndani na kurudi nyuma kama ndoana, plastiki ile isingetoka. Kwa hiyo wachongaji wa zamani waliacha makunjo yaelekee upande mmoja, wakalaza kila ukingo kidogo, na mikanda wakaifanya iwe uvimbe mdogo juu ya kiuno badala ya ngozi inayoning'inia. Shika mkono wa mwanasesere yeyote wa Kenner wa inchi 3¾ uuzungushe taratibu kwenye mwanga: utaona mstari mwembamba unaoshuka kutoka begani hadi kiganjani. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mimi huuchonga mstari huo kwa makusudi, na mahali pake huamua makunjo yote ya mkono wa nguo yaelekee wapi. Mkono usio na mstari, wenye makunjo ya kila upande, unaweza kuwa mzuri sana kwa macho, lakini hauwezi kuwa wa 1979.

Viungo ni vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Anayeongeza magoti amehama enzi.

Kumimina ni somo refu. Nitagusa panapowasumbua watu. Silikoni ziko za aina mbili kuu. Ile inayogandishwa kwa bati haichagui sana, lakini husinyaa na kuchakaa mapema. Ile ya platini hushika vipimo vizuri mno, ila inaharibiwa na salfa iliyomo kwenye baadhi ya udongo wa kuchongea, na pia na rezini ya printa, ile plastiki ya majimaji, ambayo haijakauka sawasawa. Unafungua kalibu na kukuta ute unaonata juu ya umbo lote. Umbo lililochapwa lioshwe kwa spiriti, liwekwe kwenye mwanga wa UV hadi likauke kabisa, kisha lipakwe vanishi ya kulitenga na silikoni. Rezini ya urethani nayo haitaki unyevu: unyevu kidogo tu kwenye chupa na nakala hujaa povu. Tangi la presha hubana viputo vya hewa hadi visionekane, hasa kwenye ncha za vidole na mtutu wa bunduki. Tafadhali usimimine wala kupiga msasa bila barakoa yenye vichujio vinavyofaa. Isosianeti zilizomo kwenye urethani zinaweza kukupa pumu ya maisha, na vumbi la rezini si la kuvuta kifuani.

Kusinyaa kunastahili neno zaidi. Anayechukua mwanasesere halisi akamfanyia kalibu, nakala yake huwa ndogo kidogo kuliko asili. Nakala ya nakala hupungua tena. Tofauti haionekani kwa jicho, lakini kalipa huiona. Hii ndiyo njia moja ya kumtambua anayedai kwamba kipande chake cha rezini kilitoka kiwandani. Pia ndiyo sababu mchongo wangu mpya huanza ukiwa mkubwa kidogo kuliko ukubwa ninaoutaka mwishoni.

Rangi huhitaji kujizuia kuliko hatua yoyote. Kiwandani kila rangi ya ziada ilikuwa kinyago kingine cha kupulizia, yaani kifuniko cha kuziba pasipotakiwa rangi, mfanyakazi mwingine, na senti nyingine kwenye kila kipande. Sehemu kubwa ya rangi ilikuwa ya plastiki yenyewe. Macho yalikuwa doa, mkanda rangi moja, vivuli hakuna. Napaka bapa, nakubali ukingo uvuke mchongo kidogo pale ambapo kinyago kingevuka, na naacha nyuma ya buti bila rangi kama wao walivyoacha.

Sasa lile ninaloliomba kwa kila anayeingia katika kazi hii. Wanasesere wa Kenner wa mfululizo wa kwanza wana maandishi mguuni, G.M.F.G.I. (kifupi cha General Mills Fun Group, Inc., waliokuwa wamiliki wa Kenner) pamoja na mwaka na Hong Kong. Usiyanakili. Penye dola laki kadhaa matapeli hawakosekani, na nakala yako ikitoka mikononi mwako hujui itauzwa kama nini baada ya mauzo matatu. Chonga alama yako mwenyewe mahali hapohapo, iingie ndani ya kalibu, isiwe ya wino wala stika, na iweke mwaka uliotengeneza. Wahusika wenyewe wana wenye haki zao kisheria, na kutengeneza kimoja kwa rafu yako ni tofauti na kufungua duka.

Kuhusu roketi, huwa naitengeneza ifyatuke, kwa sababu bila hilo sampuli ile haina habari. Ila naituma kwa watu wazima tu, tena nikiwa nimeandika hivyo kwenye kadi. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika 1980 hupima vipande vya vichezeo vya watoto wa chini ya miaka mitatu kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kinachotoshea humo chote hakiruhusiwi. Roketi ya Boba Fett inaingia yote na nafasi inabaki.