Je, kuinuka kwa Ujerumani ndiko kulikoleta vita vya 1914?

Imezoeleka kusemwa kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa havina budi kutokea, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa inainuka na Uingereza, iliyotawala bahari, isingekubali kupitwa. Na siku hizi maneno hayo hayo hurudiwa kila China na Marekani zinapotajwa pamoja. Kumbukumbu za mwaka 1914 hazisemi hivyo.

Mashindano ya kuunda manowari yalikuwa yamepoa tangu 1912, Ujerumani ilipoanza kuelekeza fedha zaidi kwa jeshi la nchi kavu. Uingereza ilikuwa mteja mkubwa kuliko wote wa bidhaa za Kijerumani, na mwezi Juni 1914 serikali hizo mbili zilikuwa zimeafikiana juu ya reli ya Baghdad, iliyokuwa ikijengwa na Wajerumani katika nchi za Waturuki. Tarehe 28 mwezi huo, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, alipouawa Sarajevo, mji wa Bosnia, manowari za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga Kiel, bandari ya Ujerumani, kama wageni, naye Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alikuwa baharini katika mashindano ya mashua za matanga. Habari ilimfikia kwa karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha sigara na kurushwa chomboni mwake.

Kilichowasumbua hasa wakuu wa Berlin ni Urusi, ambayo walihofu kwamba baada ya miaka michache isingeshindika. Ndiyo maana, tarehe 5 Julai, waliiahidi msaada bila masharti Austria-Hungaria, iliyotaka kuiadhibu Serbia, rafiki wa Urusi, kwa mauaji hayo. Kwa maoni yangu, hofu ya kupitwa na jirani ilikuwa nzito kuliko tamaa ya kuipita Uingereza, ambayo yenyewe iliingia vitani tarehe 4 Agosti, majeshi ya Ujerumani yalipokwisha kuvuka mpaka wa Ubelgiji.