Kabla hujaenda JKT: muvi za makomandoo zinakusaidia nini na zinakudanganya wapi

Mtihani wa form six ukishaisha tu, hapa Moshi utaona madogo wamejaa kibanda umiza wanaangalia muvi za makomandoo, eti wanatafuta mzuka wa kwenda JKT, yale mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi siwacheki, mzuka unasaidia kweli, ila yale wanayoyaamini wakitoka mle ndani ndo shida inapoanzia.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba muvi zikikukolea unaingia kambini umeshaiva. Angalia muvi yoyote ile, steringi anaanza hana pumzi, wimbo unapigwa, anakimbia kwenye mvua, anapiga pushapu, wimbo ukiisha kifua kishajaa. Dakika 3! Pale wamekata miezi, na walichokikata ndo kazi yenyewe. Ukweli ni kwamba mwili haujengeki wote kwa mpigo, pumzi na misuli vinachangamka ndani ya wiki chache ila mifupa inachelewa, ndo maana makuruta nchi nyingi wanapata nyufa ndogondogo kwenye muundi na mifupa ya wayo, mtu alikuwa amekaa tu nyumbani afu ghafla anakimbia na kupiga kwata kila siku. Kuna dogo mmoja wa Pasua, usiku katoka kwenye muvi, asubuhi kavaa raba za mtumba za Memorial soli imelala upande mmoja, kaikamata barabara ya Kibosho kupandisha, kesho yake tena, keshokutwa tena. Muundi ukaanza kuuma sehemu moja, ukimgusa na kidole anaruka, na bado anakwambia steringi haachii njiani. Jamani, misuli ikichoka inauma eneo zima na baada ya siku mbili tatu inapoa, lakini maumivu yaliyoganda sehemu moja ya mfupa na yanazidi ukikimbia, hayo acha mbio uende hospitali. Anza na kutembea haraka, changanya na mbio kidogo, ongeza wiki kwa wiki, na siku za kupumzika ziwepo.

Nyingine tamu sana: jione kichwani umeshavaa kombati, watu wanakupigia makofi, nguvu zitakuja zenyewe. Haziji. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen kalifuatilia hili miaka mingi na alichokuta ni kwamba ukiota mafanikio peke yake juhudi inapungua, mwili unatulia kana kwamba ushafika. Kinachosaidia ni kuota afu hapohapo ukitazame kikwazo chako na upange utafanyaje kikija. Mfano mtu wa Sakina kule Arusha, Juni, saa kumi na moja alfajiri, baridi lile unalijua mwenyewe, anajiwekea kabisa kwamba alamu ikilia miguu inagusa sakafu kwanza, mengine baadaye. Kwahiyo hata kwenye hadithi usirudierudie kipande cha ushindi, rudia pale mhusika hataki kuamka na anaamka.

Eti riwaya ni mambo ya watoto? Wanaosema hivo hawasomi. Riwaya inakukalisha ndani ya kichwa cha mtu anayeogopa, muvi hapo inaruka kwenda kwenye milipuko.

Afu kuna hii ya steringi anayembishia afande na mwisho anapewa nishani. Aisee usijaribu. Kwenye mafunzo ya awali hamna steringi, mnalala hanga moja, kwata mnapiga hatua moja, mmoja akizingua mnaweza kula adhabu wote. Na JKT yenyewe ilianzishwa 10 Julai 1963 kama Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wa form six waliporudishwa mwaka 2013, baada ya utaratibu kusimamishwa 1994, lengo lilikuwa uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi, kwahiyo jembe utalishika sana tu. Ukitaka mhusika wa kumuiga, mwache anayeruka na helikopta, mtafute yule anayemshikia mwenzie begi na kufika naye mwisho.

Wengine wanapanga kwenda na simu imejaa muvi za kujipa moyo usiku. Usitegemee kushinda na simu kule, na mchana ukipita vile usiku unatafuta usingizi tu. Tangazo la kuripoti lisome vizuri, wanataja bukta, raba, shuka, nguo za kuzuia baridi kwa kambi za baridi. Anza kununua hizo, hasa raba, na sio zile za soli kulala upande.