La Mchina Hilo! Tunayosema Mwanza kuhusu Upasuaji wa Urembo

Saluni za Kirumba hazina siri. Akipita dada aliyejaaliwa umbo, kabla hajavuka barabara hukumu imeshatoka: "La Mchina hilo," yaani la bandia, la kutengenezwa. Akipita mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, shingo ikajikunja, akaenda kunyooshwa hospitali, walewale wanasema Mungu mkubwa. Ajabu ni kwamba kazi zote mbili, ya urembo na ya kunyoosha kovu, ni za fani moja: upasuaji wa plastiki.

"Wanaweka plastiki mwilini"

Jina ndilo lililotuponza. Neno "plastiki" asili yake ni Kigiriki na linahusu kufinyanga, kama mfinyanzi na udongo wake. Daktari Mjerumani, von Graefe, alilitumia kwa upasuaji wa pua mwaka 1818, na plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu ikavumbuliwa baadaye, mwaka 1907. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa ngozi na nyama ya mgonjwa mwenyewe: ya paja inahamia mkononi, ya paji la uso inashushwa kujenga pua. Vya kutoka nje navyo vipo, kama vifuko vya silikoni vya matiti, vilivyoanza kuwekwa Marekani mwaka 1962. Havidumu maisha yote, na anayewekewa aambiwe hivyo mapema.

"Ni kumkosoa Mungu"

Hii siwezi kuipita haraka. Bugando, iliyo juu ya kilima chake tangu 1971, ni hospitali ya maaskofu Katoliki, na humo hushonwa watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura. Sijasikia padri akiita hilo kumkosoa Mungu. (Hali hiyo humpata takribani mtoto mmoja kati ya 700 duniani. Si laana, wala mama hakumcheka mtu.) Waislamu wana habari ya Arfaja bin As'ad, sahaba aliyekatwa pua vitani. Alivaa ya fedha, ikanuka, Mtume akamwambia avae ya dhahabu. Wanazuoni hutenganisha kuondoa kasoro, ambako wanaruhusu, na kubadili umbile kwa pambo tu, ambako wengi wanakataza. Muumini ana haki ya kusimama hapo. Ila katazo hilo ni la kitendo. Halijamtuma mtu kumzomea mwenzake kwenye soko la samaki la Mwaloni, katikati ya matenga ya dagaa.

Na mpaka wenyewe haujanyooka. Mama ambaye mikanda ya sidiria imemchimba mabega, mgongo haulali usiku kwa uzito wa matiti, akipunguzwa tuite tiba au urembo? Mimi nasema tiba. Wifi zake watasema anataka bwana mpya.

"Ni mambo ya Wazungu"

Waulize wazee wa Kijaluo wa Rorya, waliong'olewa meno sita ya chini ili waitwe watu wazima. Waulize Wakurya wa Tarime, waliovuta ndewe za masikio mpaka zikaning'inia. Ndewe hizo leo zinashonwa kwa ganzi tu, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata Waingereza ufundi wa pua waliuona India, habari zake zikachapishwa London mwaka 1794.

"Ni watu wa maringo, hawana shida"

Fani hii ilikua kwa kasi mikononi mwa Harold Gillies, aliyetibu askari waliopasuliwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Kwenye njia ya kwenda mjini kulikuwa na mabenchi yaliyopakwa rangi ya bluu, ili wapita njia wajue anayekaa pale ana uso wa kutisha, wasishtuke. Walikuwa mashujaa wa vita, na bado wakatengewa benchi.

"Sindano ya mtaani ni nafuu kuliko kisu"

Hapa ndipo aibu inapoua. Silikoni ya maji ikichomwa kwenye makalio inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu, au ikaganda na kuwa mabonge, na kuitoa yote karibu haiwezekani. Hata kuhamishia mafuta ya mtu kwenye makalio yake, kazi inayofanywa na wapasuaji wenye vyeti, ripoti ya mwaka 2017 ilikadiria kinaweza kutokea kifo kimoja kwa kila watu 3,000, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu huziba mapafu. Sasa pima chumba cha gesti.

Binti mmoja ninayemfahamu alichomwa hivyo, akapata homa siku nne, akawa anameza dawa za malaria kwa kuogopa kumwambia nesi ukweli. Wengine wanaofuata huduma hizi hospitali za Dar wanaaga kuwa wanakwenda harusini, kisha wanakacha siku ya kukaguliwa mshono, maana harusi haina marudio. Na anayejipaka mkorogo humficha daktari, wakati ngozi iliyochujuka hushoneka vibaya na kidonda chake huchelewa kufunga.

"Ukinyonywa mafuta, umekonda"

Hapana. Kunyonya mafuta hurekebisha umbo la sehemu moja. Uzito ni habari nyingine.

Na yule dada wa Kirumba? Mama yake nimemwona akishuka kivuko cha Kamanga, katoka Sengerema na kikapu chake kichwani. Umbo ni lilelile.