Maganda ya Risasi Yaliyokwisha Kutumika: Dhana Potofu Kuhusu Presi na Kalibu

Katika karakana zinazohudumia bunduki za kambi za uwindaji upande wa Ugalla, mkoani Tabora, maganda ya risasi zilizofyatuliwa hutayarishwa kujazwa upya: presi ya mkono hulisukuma ganda ndani ya kalibu, umbo la chuma linalolirudishia kipimo, kisha hutiwa fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Kazi ikiharibika, lawama ya kwanza huangukia mashine. Ganda likikwama ndani ya kalibu, husemwa kwamba presi ni mbovu. Likitoka na kibonyeo begani, yaani pale linapopungua kuelekea shingo, kalibu huitwa ya bandia. Fataki isipoingia, mkono wa presi umepinda. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hitilafu hizi huanzia kwenye ganda lenyewe au kwenye kilainishi kilichopakwa, na fundi anayekimbilia kununua kifaa kipya hukutana na hitilafu ileile akiwa amekwisha kutumia fedha nyingi. Ninayoyaandika hapa yanamhusu mwenye leseni peke yake, kwa kuwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni.

Dhana inayoharibu vifaa kuliko zote ni kwamba ganda linalogoma liongezewe nguvu. Risasi inapofyatuliwa, ganda hutanuka mpaka kuta za chemba, sehemu ya bunduki inamokaa risasi, na kazi ya kalibu ni kulibana lirudi karibu na kipimo chake cha awali. Msuguano wa shaba na chuma hapo ni mkali sana. Kilainishi kikipungua, ganda hung'ang'ania, na ukiendelea kulazimisha mkono wa presi, kishikio, kipande cha presi kinachoshika kitako cha ganda, hurarua ukingo wa kitako na kuliacha ganda ndani. Likifika hapo, usiligonge kwa nyundo. Legeza sindano ya kutolea fataki na uipandishe juu, toboa kitako kwa keekee, chonga hesi ndani ya tundu hilo, kisha livute ganda kwa bolti inayokazwa taratibu juu ya kipande kifupi cha bomba. Kalibu hupona, na baada ya kusafishwa hurudi kazini.

Wapo wanaoamini kwamba mafuta ya injini yanatosha kwa kazi hii, na kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali, wapo pia wanaoipendekeza nta ya nyuki. Mafuta ya injini hutengeneza utando mwembamba usiostahimili mgandamizo wa namna hii, na nta peke yake ni ngumu mno, hujikusanya ndani ya kalibu na kuziba. Vilainishi vinavyotegemewa vingi vimetengenezwa kwa lanolini, yaani mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo. Hata hivyo, kilainishi kizuri kikizidi huleta shida iliyo kinyume: hunaswa kati ya bega la ganda na kalibu, hakina pa kutokea, kikaibonyeza shaba. Kalibu nyingi zina kitundu kidogo cha kupumulia, kwa hiyo kabla ya kuishutumu kalibu hakikisha kitundu hicho hakijaziba. Cha kunyunyizia kilichochanganywa na spiriti nacho husubiriwa kwanza spiriti ikauke, na anayeharakisha hukwamisha ganda huku akiapa kwamba amepaka. Ndani ya shingo pia papakwe kidogo, maana mlio wa kukwaruza unaosikika ganda linaposhuka ni kitanua shingo kinachoburura shaba kavu.

Kalibu za kabaidi, metali ngumu kuliko chuma cha kawaida, husifiwa kwamba hazihitaji kilainishi. Sifa hiyo ni ya kweli kwa maganda ya bastola yaliyonyooka. Ganda la bunduki lenye bega na shingo lipakwe daima.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni kipimo cha kushusha kalibu. Maelekezo ya viwanda vingi husema kalibu iteremshwe mpaka iguse kishikio, kisha iongezwe robo mzunguko, na mafundi wengi huyachukua kuwa ni sheria. Kumbe chemba za bunduki hazilingani kabisa, na robo mzunguko inayofaa bunduki moja huweza kulirudisha bega nyuma kupita kiasi kwa ajili ya nyingine. Ganda la namna hiyo hupata nafasi ya kurefuka kila linapofyatuliwa, na shaba hukonda juu kidogo ya kitako. Dalili yake ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda. Ukiingiza waya uliopindwa ncha na kuuvuta ukutani kwa ndani, utahisi mfereji kabla macho hayajaona kitu. Likishafika hapo, ganda hukatika ndani ya chemba, na gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni. Watu husema ganda limezeeka, ilhali limeuawa na mpangilio wa kalibu. Ganda la .375 H&H Magnum, lililotoka mwaka 1912 na linalotumika sana kwa mbogo, liko hatarini zaidi, kwa kuwa lina mkanda kitakoni na wengi hudhani mkanda huo unatosha kulishikilia. Pima bega la ganda lililotoka kwenye bunduki husika, ulirudishe nyuma kama 0.05 mm, kisha jaribu ganda hilo, likiwa tupu na bila fataki, katika bunduki ileile.

Sindano ya kutolea fataki ikivunjika, chungulia ndani ya ganda kabla ya kuilaumu. Maganda ya mtindo wa Berdan yana vitundu viwili pembeni, na sindano iliyotengenezwa kwa tundu moja la katikati hugonga shaba nzima. Fataki mpya isiyoingia mara nyingi huzuiwa na mbano wa kijeshi, yaani shaba iliyokandamizwa kuishikilia fataki ya kwanza, uliobaki kwenye ukingo wa tundu lake. Mbano huo uondolewe kwa kifaa chake, kwani kulazimisha fataki kunaweza kuilipua.

Unyamwezi ulisifika zamani kwa majembe ya wahunzi wake, na ujuzi wa chuma umewaachia wengi imani kwamba ganda lililopashwa moto likitumbukizwa majini hugumuka. Shaba ya ganda, yenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, haigumuki kwa maji. Hugumuka kwa kutanuka na kubanwa mara kwa mara, na moto huilainisha. Maji husimamisha joto tu lisiteremke hadi kitakoni. Ndiyo maana, ili kuondoa ugumu huo, hupashwa shingo na bega peke yake. Kitako kilicholainika ni hatari, na ganda lake litupwe bila kubishana.

Shingo zilizopasuka nazo husingiziwa kitanua shingo. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda yakipasuka katika majira ya mvua, na mwaka 1921 wataalamu Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo chake: amonia iliyotoka kwenye mikojo ya farasi, kwa kuwa maganda yalihifadhiwa kwenye mazizi. Masika ya Tabora yana unyevu wa kutosha kwa jambo hilohilo. Dawa ya kung'arishia yenye amonia isiguse maganda, nayo yahifadhiwe pakavu, mbali na banda la kuku na magunia ya mbolea ya urea.