Karatasi iliyofunga rolex nayo ni data

Juzi jioni nilisimama Wandegeya, hapa Kampala, kununua rolex mbili (chapati iliyokunjwa na mayai ndani), kijana akanifungia kwa karatasi kama kawaida yao, nafika nyumbani nafungua naona mafuta yamepita juu ya jina la mwanamke, majina yote mawili, namba yake ya simu, umri, na chini majibu ya kipimo cha damu ambayo pengine hata mume wake hayajui. Hamu ya kula iliisha hapo hapo.

Kesho yake nikarudi. "Kaka, hizi karatasi unazitoa wapi?" Akasema, "Mkubwa, nanunua kwa kilo, kuna mtu huleta na gunia." Nikanunua zote zilizobaki, zilikuwa 31, nikazitia kwa bahasha nikapeleka kwenye kliniki yenyewe, maana jina lao liko juu ya kila fomu (sitalitaja). Aliyenipokea alikuwa mpole tu, akaniambia bila wasiwasi: "Hizo za zamani, siku hizi kila kitu tunaweka kwa kompyuta, na hiyo sheria ya data si ni ya kompyuta?"

Kazi yangu ni kushauri maofisi juu ya sheria hii na hilo swali naliskia karibu kila wiki, kwa hiyo wacha nilijibu vizuri. Sheria yetu ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inasema taarifa binafsi ni ile inayoweza kumtambulisha mtu, iliyorekodiwa kwa namna yoyote. Yoyote! Daftari, fomu, picha, sauti. Na habari za afya zimewekwa fungu la peke yake pamoja na dini, siasa, pesa na mambo ya chumbani, hizo ndo za kushika kwa mikono miwili.

Watu wanateleza hapa: wanadhani karatasi ikishaingizwa kwa mfumo basi imekwisha kazi, itupwe. Lakini sheria inaifuata karatasi mpaka mwisho wake. Kama kazi uliyoichukulia hiyo taarifa imekamilika na hakuna sheria nyingine inayokulazimisha kuitunza, unatakiwa uiharibu kwa njia ambayo mtu hawezi tena kuiunganisha akaisoma. Kumuuzia mtu wa gunia siyo kuharibu. Kuchana mara mbili ukatupa kwa pipa pia siyo. Choma mpaka iwe majivu, au nunua mashine ya kukatakata.

Na ikishavuja unaijulisha Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ile iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari), mara moja, siyo mpaka mkurugenzi arudi safari, halafu ofisi ndo inaamua kama mwenyewe aambiwe. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kuna faini mpaka pointi 240 (pointi ni kipimo cha faini kwenye sheria zetu), pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo milioni 4.8, ama jela mpaka miaka 10, ama vyote viwili, na kampuni korti inaweza kuiongezea mpaka asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Yule wa kliniki alipoyasikia haya akazihesabu zile fomu upya, moja moja, akisoma majina kwa sauti ya chini.

Daftari la askari wa geti ni hivyo hivyo, unaandika jina na simu huku unasoma za watu ishirini waliokutangulia. Uliza linawekwa wapi likijaa.

Kwako wewe mgonjwa au mteja: una haki ya kuuliza wana nini chako na wamempa nani, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwenye ile Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Andika hata kwa mkono, weka tarehe, wakugongee muhuri, na ubaki na kopi.