Siri ya mtungi muulize kata: tuziamini huduma za ujumbe?

Msimu wa karafuu uliopita, wanawake wa kikoba kimoja cha Wete walituita sisi wa kitengo cha TEHAMA cha chuo. Mtu alimpigia mwekahazina wao, akajitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, akamwomba amsomee tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji. Akazisoma. Haikupita saa, akaunti yake ya WhatsApp ikawa mikononi mwa mtu mwengine na wanachama wakaanza kupokea ujumbe: “Nimekwama hospitali, nitumie laki mbili, nitarejesha jioni.” Watatu walituma.

Kikao kilikuwa kimeshaamua: WhatsApp basi, tunahama. Kilichobaki ni kuchagua baina ya Telegram na Signal. Hapo bibi mmoja aliyekaa pembeni akichambua karafuu aliniuliza bila ya kuinua kichwa: “Huko tunakohamia, mwanangu, mwenyewe nani? Na akifa, au akiuza?”

Nimefundisha usalama wa mitandao miaka mingi, na sijaulizwa suali zuri kuliko hilo.

Kwanza la mwekahazina. Siku ile hakuna aliyevunja fumbo la WhatsApp. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake hufumbwa kwenye simu ya anayetuma na kufumbuliwa kwenye simu ya anayepokea, na seva za katikati, yaani kompyuta za kampuni, hupitisha kitu zisichoweza kukisoma. Fumbo hilo lilibuniwa na watu wa Signal. Mwizi alifunguliwa mlango, ukuta hakuugusa. Lau mwekahazina angekuwa ameweka namba ya siri ya hatua ya pili, ile unayoichagua mwenyewe, zile tarakimu 6 peke yake zisingemfaa mwizi kitu. Na Signal ni hivyo hivyo: namba ya siri ya aina hiyo ipo, wanaiita kufuli ya usajili, lakini mpaka uiwashe mwenyewe.

Sasa suali la bibi. Wazee husema siri ya mtungi muulize kata. Kwenye biashara hii kata ni kampuni: hata isipoonja maji, inaweza kujua imetumbukizwa mara ngapi, saa ngapi, na kwa mkono wa nani. Nani kamwandikia nani, yumo grupu gani, ana namba za nani kwenye simu. Maneno yakifumbwa, hayo hubaki nje ya fumbo. Kwa anayetaka kukujua, mara nyingi yanatosha.

Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19, na watumiaji wakaahidiwa kwamba hakitabadilika kitu. Agosti 2016 sera ikabadilishwa, namba za simu zikaanza kuunganishwa na akaunti za Facebook. Mwaka 2017 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110, kwa sababu wakati wa ununuzi iliiambia kwamba kuoanisha akaunti hizo moja kwa moja hakuwezekani kwa uhakika, kumbe kuliwezekana. Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp, aliondoka mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akawahimiza watu hadharani waifute Facebook. Fumbo halikuguswa. Mwenye nyumba ndiye aliyebadilika.

Wengine hufunga duka tu. Wickr, iliyosifiwa kwa ujumbe unaojifuta, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2021, na toleo lake la watu wa kawaida likafungwa mwisho wa 2023.

Telegram ndiyo inayowachanganya watu wetu zaidi. Wengi huidhani ya siri kuliko zote, na sijui nani kawaambia. Chati za kawaida na magrupu yote hukaa kwenye seva zake kwa namna ambayo kampuni inaweza kuyafungua. Kwa ujumbe, fumbo la mwisho hadi mwisho, yaani la simu hadi simu kama lile la WhatsApp, lipo kwenye chati za siri za watu wawili tu. Pavel Durov, mwasisi wa Telegram, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata sera yao ikapanuliwa: kwa amri halali ya kisheria, namba ya simu ya mtuhumiwa na anwani yake ya IP, ile namba inayotambulisha alikoingilia mtandaoni, zinaweza kutolewa.

Signal nayo si peponi. Inaendeshwa na taasisi isiyogawana faida, iliyoanzishwa 2018 kwa dola milioni 50 za huyo huyo Acton, na mwishoni mwa 2023 yenyewe ilikadiria kwamba kufikia 2025 itahitaji karibu dola milioni 50 kila mwaka. Inaishi kwa michango, na kamati yoyote ya msikiti inajua mwaka mbaya wa michango ukoje. Lakini waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani, walipodai taarifa za namba mbili mwaka 2016, moja haikuwa na akaunti, na kwa ya pili walipewa vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa, na siku ilipoonekana mtandaoni mara ya mwisho. Signal haikuwa na kingine cha kutoa.

Ndilo jawabu nililompa bibi. Usipime wema wa mwenye kampuni, pima alichokataa kukiweka. Akija mnunuzi kesho, asichokikuta hawezi kukigeuza.

Na bekapu jamani, ile nakala ya akiba ya ujumbe, husahauliwa kila siku. Ujumbe uliofumbwa njiani unaweza kulala Google Drive, ghala la mtandaoni la Google, bila ya fumbo hilo, mpaka uwashe bekapu iliyofumbwa, ambayo WhatsApp inayo tangu 2021.

Kikoba hakikuhama. Ndugu zao wako Unguja, Dar es Salaam na Maskati, wote WhatsApp. Waliwasha namba ya siri simu baada ya simu. Mmoja akaiandika yake nyuma ya daftari la kikoba, tukamchanisha karatasi. Picha za hesabu zilizokuwa zikirushwa grupuni kila Ijumaa zimesimamishwa. Mwenyekiti na mwekahazina tu ndio waliofungua Signal, kwa mambo ya fedha, wakakaa barazani kusomeana tarakimu 60 za usalama, tano tano, kuhakikisha hakuna aliyejipenyeza katikati yao. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akawaambia wameruka tano moja, warudie.