Aliyeumia serebelamu utotoni bado anahitaji kliniki ukubwani

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa watu wazima yanazidi kufanana. Kazini wanasemwa kuwa wamelewa, masomoni wanaitwa wazembe, na wenyewe hawaihusishi hali hiyo na upasuaji wa serebelamu, kisogoni, waliofanyiwa wakiwa wadogo. Tukiwauliza kwa nini waliacha kliniki, jibu ni lilelile: "Niliambiwa nimepona." Huenda kweli waliambiwa. Lakini kupona huko kuna namna yake.

Serebelamu ni sehemu ya ubongo inayokaa chini, upande wa nyuma. Ukubwa wake ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini imebeba takriban asilimia 80 ya nyuroni zote, yaani seli za neva za ubongo. Kazi yake si kuanzisha mwendo bali kuunyoosha: kupima nguvu, umbali na wakati, na kurekebisha kosa kabla jicho halijaliona. Mwaka 1998 watafiti Jeremy Schmahmann na Janet Sherman walieleza kwamba ikiumia, huweza kuathiri pia kupanga mambo, lugha na kutawala hisia. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea bila tatizo na bado akashindwa kuratibu shughuli za wiki moja. Wanaomwita mvivu wangeanza kwa kuuliza historia yake.

Sasa ile kauli tunayoisikia kila kliniki: "Ubongo wa mtoto bado mchanga, utajirekebisha wenyewe." Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewafanya wazazi wengi waache mazoezi mapema. Mwaka 2005 mtafiti Jürgen Konczak na wenzake waliwachunguza watoto na vijana waliotolewa uvimbe wa serebelamu. Kilichoamua nani anarudi katika hali yake ya kawaida si umri aliokuwa nao wakati wa upasuaji, bali mahali palipoguswa. Gamba la juu likiumia, mara nyingi mwendo hurudi vizuri. Vile viini vya ndani, ambavyo ndivyo mlango wa kupitishia taarifa kutoka serebelamu, vikiharibika, upungufu hubaki hata kwa mtoto mdogo. Kwa watoto njiti hali huweza kuwa ngumu zaidi: serebelamu ikiumia upande mmoja, nusu ya ubongo mkubwa iliyo upande wa pili, inayoshirikiana nayo, huweza kukua pungufu.

Hata hivyo, uwezo wa ubongo kujifidia si wa kubeza. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke wa China mwenye umri wa miaka 24 aliyezaliwa bila serebelamu kabisa. Alianza kutembea akiwa na miaka saba, maneno yake yakaeleweka akiwa na sita. Alichelewa, na mwendo wake haukuwa imara, lakini aliishi maisha yake.

Fidia hiyo inafanyikaje? Sehemu ya serebelamu iliyosalia huongezewa mzigo, na maeneo ya mwendo ya ubongo mkubwa hushika kazi ambayo awali ilijiendesha yenyewe. Macho nayo huanza kulinda kila hatua. Miguu hupanuliwa, mkono hupunguza kasi, viungo huendeshwa kimoja baada ya kingine. Yote haya hula umakini, na umakini una kikomo. Kliniki tunaliona hili kwa jaribio dogo. Mtu anatembea juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole, bila shida. Tunamwomba aendelee huku akihesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa kutoa saba. Akifika 86 anasimama, au anapepesuka. Hajazidiwa na mguu. Amezidiwa na kazi mbili kwa pamoja. Uchovu, kukosa usingizi, homa, pombe hata kidogo, na baadhi ya dawa za kifafa na za usingizi huleta picha hiyohiyo.

Mazoezi ya uratibu na mizani husaidia hata miaka mingi baadaye. Anayefundisha azingatie kwamba serebelamu iliyoumia hujifunza kwa shida kutokana na kuonyeshwa ukubwa wa kosa. Kuambiwa tu "umepata" au "umekosa" huweza kumfaa zaidi.

Kuhusu utaratibu, tunaomba uzingatiwe. Njoo na muhtasari wa kuruhusiwa hospitali, ripoti ya upasuaji, picha za MRI zenyewe na si maelezo yake pekee, orodha ya dawa, na kumbukumbu za tiba ya mionzi kama ulipewa. Aliyepata mionzi afuatiliwe hata asipohisi kitu, kwa kuwa athari zake kwenye kumbukumbu na kasi ya kufikiri huweza kujitokeza baada ya miaka. Barua ya kuomba muda wa ziada wa mtihani au mabadiliko ya majukumu kazini hutolewa baada ya vipimo, si kabla; ombi la kutumiwa barua kwa simu halipokelewi. Barua iliyobadilishwa tarehe au maneno kwa mkono ni ya kughushi. Tutaikana mbele ya mwajiri, na matokeo yake kisheria yatakuwa juu ya aliyeibadilisha. Jambo hili limejirudia mno.

Jambo moja halisubiri miadi: kuyumba, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito kukianza ghafla, usikuhusishe na jeraha la zamani. Huenda ni kiharusi. Nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, na mwambie anayekupokea hali yako ya kawaida ilivyokuwa siku iliyotangulia.